Uzi: Ukoo wa Roosevelt, kutoka uwindaji wa Njoro na Sergoit hadi makaburi ya Ufaransa

Mzee wa Njoro (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu kutoka Njoro.

Wengi humu mkisikia jina Roosevelt mnamkumbuka yule wa kiti cha magurudumu, rais wa wakati wa Hitler. Huyo simgusi leo. Namzungumzia binamu yake wa mbali, Theodore, aliyekuwa rais wa Marekani kuanzia 1901 hadi 1909, na ambaye alipotoka tu Ikulu alipanda meli akaja kuwinda kwetu. Alishuka Mombasa Aprili 1909 pamoja na mwanawe Kermit, kijana wa miaka 19. Walipita Naivasha, wakapanda nyanda za Uasin Gishu hadi mto Nzoia, wakafika huku kwa mlowezi Lord Delamere, na Disemba wakashuka Kisumu kwa reli, wakavuka ziwa kwenda Entebbe. Baba na mwana peke yao waliangusha wanyama 512. Hesabu hiyo mzee aliichapisha mwenyewe, wala hakuona haya.

Habari za uwindaji mtazipata kwingine. Ninachotaka kusimulia ni yaliyoikuta nyumba ile vita vilipokuja, mara ya kwanza 1917 na mara ya pili 1939. Sijasoma habari za nyumba nyingine ya siasa iliyopenda vita namna ile, ikavilipia namna ile. Na msimamo wangu nauweka mezani mapema ili mnishambulie vizuri: naona deni lilikuwa la babu, aliyelidai ni baba, waliolilipa ni wavulana.

Nitashusha kwa vipande. Leteni chai.

Nyar Nam

Nimeketi mbele kabisa, mzee wangu. Kisumu tuko.

Mwana Bondeni

Haya, lakini mtuambie mapema yanatuhusu nini sisi wa Nakuru. Mzungu tajiri amekuja kuua tembo wetu, sasa tumlilie watoto?

Mzee wa Njoro

Mwana Bondeni, machozi yaache mfukoni kwanza. Sikiliza.

Babu, yaani baba wa huyo rais. Naye aliitwa Theodore, mfanyabiashara wa New York, tajiri, mcha Mungu, mtu wa misaada. Alioa Martha Bulloch, binti wa Georgia, jimbo la Kusini, nyumba yenye watumwa. Mwaka 1861 Marekani ikagawanyika, Kaskazini na Kusini wakaanza kuuana. Martha yuko New York kwa mumewe, lakini moyo wake uko kwao. Ndugu zake wawili wako upande wa Kusini: James Bulloch alitumwa Liverpool, na ndiye aliyefanya mipango ya siri ya kuunda ile manowari ya Alabama iliyoharibu sana meli za Kaskazini. Mdogo wake, Irvine, alikuwa baharia ndani ya manowari hiyohiyo.

Sasa jiwekeni mahali pa babu. Mke analia chumbani, mama mkwe yuko nyumba hiyohiyo, mashemeji wako upande wa pili. Utakwendaje kumlenga shemeji yako bunduki? Sheria iliruhusu mwenye pesa kumlipa mtu aende vitani badala yake. Babu akalipa.

Hakukaa bure. Alizunguka kambi za jeshi akiwashawishi askari watume sehemu ya mshahara nyumbani badala ya kuumaliza kwa pombe, na Rais Lincoln mwenyewe aliunga mkono kazi hiyo. Ilikuwa kazi ngumu, ya farasi na matope. Lakini bunduki alishika mtu mwingine.

Mwanawe alikuwa mtoto mdogo wakati huo, mgonjwa wa pumu. Kuna picha ya 1865, jeneza la Lincoln linapita New York, na kwenye dirisha la nyumba ya ukoo huo wanaonekana watoto wawili wakichungulia. Ni yeye, miaka sita, na mdogo wake Elliott. Mtoto huyo alipokuwa mtu mzima akaandika habari za maisha yake, alimsifu baba yake kuliko binadamu yeyote. Ile habari ya mtu aliyelipwa hakuigusa. Waliochunguza maisha yake wengi wanasema hapo ndipo mwiba ulipoingia, na mimi nakubaliana nao.

Omwami wa Kakamega

Mwanzisha uzi, hapo kwa James Bulloch ongeza kwamba vita vilipoisha hao ndugu wawili hawakurudi kwao. Walibaki Liverpool hadi kufa. Kwa hiyo Theodore alikulia nyumba yenye wajomba mashujaa wasioweza kuja kula sikukuu, na baba mwema ambaye hakupigana. Mtoto wa kiume anasikiliza hadithi za nani hapo?

Mzee wa Njoro

Asante mwalimu, hilo nilitaka kulisema na umelisema vizuri kunishinda.

Basi mwaka 1898 Marekani ikaingia vitani na Hispania kwa ajili ya Cuba. Theodore ana miaka 39, ni naibu waziri wa jeshi la majini, ana watoto sita. Wa kwanza, Alice, ni wa mke wa kwanza aliyefariki siku mbili baada ya kujifungua mwaka 1884, siku ileile na mama yake Theodore, nyumba moja. Watano ni wa Edith, mke wa pili: Ted, Kermit, Ethel, Archie, Quentin. Quentin bado ananyonya. Edith ametoka kufanyiwa upasuaji uliokaribia kumuua, na Ted mkubwa naye hali si nzuri. Nani angemlaumu mtu huyo akibaki ofisini?

Aliacha kazi akaenda. Miaka mingi baadaye alisema kwamba angeondoka hata kama mkewe angekuwa anakata roho, kwa kuwa hiyo ilikuwa nafasi yake ya pekee. Tarehe 1 Julai 1898 akapanda kilima cha San Juan na kikosi chake cha Rough Riders, miwani ya akiba imeshonwa ndani ya nguo, na hadi mwisho wa maisha akaiita siku ile kubwa kuliko zote. Miezi michache akawa gavana wa New York, kisha makamu wa rais, kisha rais.

Nyar Nam

Mkewe yuko kitandani, mtoto mchanga, na yeye anatafuta kilima cha kupanda! Wanaume nyinyi.

Mwana Bondeni

Na akapata kura. Hilo usisahau, dada. Vita kwake vilikuwa kampeni.

Mzee wa Njoro

Kura alipata, sikatai. Ila nikutoe wasiwasi: mtu wa kampeni huenda mara moja akapiga picha. Huyu mwaka 1917 alikuwa na miaka 58, jicho moja halioni, mwili umechoka kwa homa aliyoitoa Brazil, na akaomba tena.

Marekani ilitangaza vita dhidi ya Ujerumani Aprili 1917. Siku chache baadaye Theodore akaenda Ikulu kumwomba Rais Woodrow Wilson, adui wake wa kisiasa, ruhusa ya kukusanya divisheni ya watu wa kujitolea aende nayo Ufaransa. Wilson alimpokea kwa tabasamu, akamkatalia. Clemenceau, mwanasiasa wa Ufaransa, aliandika barua ya wazi kuomba mzee apelekwe, maana askari wa Kifaransa walihitaji jina la kuwapa moyo. Wapi! Kwa kweli Wilson alikuwa sahihi. Vita vya mizinga mikubwa na gesi ya sumu havikuhitaji mzee wa kupanda vilima.

Basi kama yeye haendi, wataenda wanawe. Na hapa ndipo wanasiasa wetu wanapotofautiana na huyu bwana. Hakutafuta daktari wa kuandika kwamba mtoto ana miguu bapa. Alimwandikia Jenerali Pershing, mkuu wa jeshi la Marekani huko Ufaransa, kuomba Ted na Archie wachukuliwe mapema, waende mstari wa mbele. Kermit akaona Wamarekani wanachelewa, akajiunga na Waingereza huko Iraki, akapigana na magari ya deraya na kupata nishani yao. Ethel alikuwa ametangulia wote: mwaka 1914 alikwenda Paris na mumewe daktari, akahudumu hospitalini kama muuguzi. Mke wa Ted naye akaenda Ufaransa kuhudumia askari, akiacha watoto wadogo kwa bibi yao.

Quentin, kitindamimba, ndiye mzee alimpenda hadi watu wote wakajua. Mcheshi, fundi wa mashine, mwandishi wa mashairi, macho mabovu kama ya baba. Inasimuliwa kwamba alikariri herufi za kupimia macho ili apite uchunguzi wa marubani. Alikuwa amemchumbia Flora Whitney, wa ukoo wa kina Vanderbilt, pesa zile ambazo hazihesabiki. Julai 1917 akapanda meli.

Arap Sergoit

Mzee, samahani kukukatiza. Huyu Kermit tunamjua huku kwetu kwa hadithi. Mwaka ule wa 1909 hapa Sergoit morani wa Kinandi walimzingira simba dume kwa mikuki na ngao, Roosevelt na mwanawe wakitazama juu ya farasi. Simba alimrukia mmoja wa vijana akamjeruhi kabla hajalala chini. Mzungu aliandika kwamba hajawahi kuona kitu kama hicho. Walishangaa ushujaa wa wenzetu wakiwa na bunduki mikononi.

Omwami wa Kakamega

Na wapagazi zaidi ya 200 nyuma yao, wamebeba hadi chumvi ya kuhifadhia ngozi, tani kwa tani. Tuwaweke hao pembeni kidogo, nitarudi kwao.

Mzee wa Njoro

Arap Sergoit, shukrani. Morani akisimama mbele ya simba ndiyo picha mzee alitaka watoto wake waingie ndani yake.

Machi 1918 Archie akapigwa na vipande vya kombora, mkono ukavunjika, goti likaharibika. Habari ilifika Sagamore Hill, nyumba yao ya Oyster Bay, wakati wa chakula cha mchana. Edith akaagiza mvinyo, wakanywa kwa heshima ya kijana, kisha mama akaibamiza glasi yake sakafuni na kusema hakuna atakayeinywea tena. Mzee alimwandikia Archie barua akisimulia tukio hilo kwa fahari kubwa. Niliposoma habari hiyo nilijiuliza glasi ile ilikuwa fahari au ghadhabu. Edith hakuwa mtu wa kuonyesha mambo. Katika nyumba ile yenye kelele, yeye ndiye aliyeweka hesabu za pesa na kunyamaza.

Quentin wakati huo amekwama kwenye chuo cha marubani cha Issoudun, anasimamia vifaa na kufundisha wengine. Sasa tazama sumu ya nyumba yenye mashujaa wengi: kaka zake walianza kumkejeli kwa barua kwamba anajificha nyuma. Kijana wa miaka 20! Baba yake alimtetea, lakini neno limeshaingia. Na hapohapo Flora alinyimwa ruhusa ya kwenda Ufaransa wakafunge ndoa, ingawa mzee mwenyewe aliwaombea.

Juni akapata kikosi, cha 95. Tarehe 10 Julai 1918 akaangusha ndege yake ya kwanza ya Kijerumani. Tarehe 14, siku nne tu, akaangushwa yeye, karibu na kijiji cha Chamery. Wajerumani walimzika kwa heshima za kijeshi. Halafu wakachapisha picha ya maiti yake kando ya mabaki ya ndege, ikauzwa kama postikadi.

Mwandishi wa habari ndiye aliyemfikishia mzee fununu. Alichouliza mara moja ni jinsi ya kumwambia mama yake. Siku moja baada ya habari kufika, alikuwa Saratoga akihutubia mkutano wa chama, kwa sababu alikuwa ameahidi. Siku zilezile Ted naye alijeruhiwa mguu karibu na Soissons, akiwa tayari amewahi kuvuta gesi ya sumu. Wanne walikwenda, mmoja amekufa, wawili wamevunjika. Agosti, mzee akachukua pesa za Tuzo ya Nobel ya Amani aliyopewa mwaka 1906, zaidi ya dola 45,000, akazigawa kwa mashirika ya kusaidia walioumizwa na vita. Sijui mtu aliyepata tuzo ya amani kwa kupatanisha Urusi na Japani alijisikiaje akiandika hundi zile.

Alikufa usingizini 6 Januari 1919, miaka 60. Hata miezi sita haikutimia. Archie, aliyekuwa nyumbani na mkono wake mbovu, ndiye aliyewatumia kaka zake telegramu Ulaya: simba mzee amekufa.

Nyar Nam

Huyo mama Edith ndiye ninayemtafuta katika uzi huu. Mzee amekufa, amepumzika. Yeye?

Mzee wa Njoro

Edith alikwenda Ufaransa 1919 akafika kaburini. Yeye na mumewe walikuwa wamekataa mwili usihamishwe: mti ulale ulipoangukia. Akajenga kisima cha maji pale Chamery kwa jina la kijana wake, wanakijiji wapate kuteka. Aliishi miaka karibu thelathini zaidi. Ngoja tufike.

Mwana Bondeni

Mimi nasema hivi, na mniache. Huyo baba alimuua mwanawe. Aliwalisha vita tangu utotoni, meza nzima ni San Juan, San Juan. Ulitegemea kijana aseme anataka kuwa mkulima? Na bado watu wanamchongea sanamu mlimani.

Omwami wa Kakamega

Ndugu yangu, sawa, lakini linganisha kabla hujahukumu. Sasa narudi kwa wapagazi.

Vita hivyohivyo vilifika huku kabla Marekani haijashtuka. Septemba 1914 Wajerumani walikuwa Kisii mjini. Juni 1915 Waingereza walipanda meli Kisumu, wakavuka ziwa, wakaipiga Bukoba na kuipora. Miongoni mwao alikuwemo Frederick Selous, mwindaji mashuhuri, miaka 63, rafiki ambaye mwaka 1909 alisafiri meli moja na Roosevelt kuja Mombasa. Selous aliuawa 4 Januari 1917 Beho Beho, upande wa Rufiji. Mwanawe, rubani, aliuawa angani Ulaya 4 Januari 1918, tarehe ileile.

Na watu wetu? John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa jimbo la Nyanza, ndiye aliyepewa mwaka 1917 kazi ya kuwakusanya wachukuzi wa jeshi. Wajaluo, Waluhya, Wakisii, Wanandi, Wakikuyu, Wakamba, kila machifu walipoweza kufika. Hawakukariri herufi za macho ili wakubaliwe. Walikamatwa. Rekodi za Waingereza wenyewe zinakiri vifo zaidi ya 40,000 vya wachukuzi katika kampeni ya Afrika Mashariki, wengi kwa kuhara, nimonia na njaa. Huenda miongoni mwao walikuwamo waliombebea Roosevelt chumvi. Quentin ana kaburi lenye jina, kisima chenye jina, na uwanja wa ndege uliowahi kupewa jina lake huko kwao. Hawa wana sanamu moja Nairobi, isiyo na jina la mtu.

Nikirudi kwa hukumu yako: Delamere na wenzake walikuwa na mashamba, machifu walikuwa na ng'ombe, na mtoto wa chifu mara nyingi hakuwa kwenye foleni. Roosevelt angalau aliwatanguliza wake.

Mwana Bondeni

Hapo umenigusa mwalimu, ila sijashindwa. Kumtanguliza wako motoni hakufanyi moto uwe mwema. Na tusiende mbali. Oktoba 2011 tulipoingia Somalia, niambieni ni watoto wa waheshimiwa gani waliokuwa kwenye magari yale. Januari 2016 kambi yetu ya huko, El Adde, ilipovamiwa, kikosi kilikuwa cha Eldoret, kambi ya hapo Moi. Waliopokea majeneza ni mama wa vijijini.

Arap Sergoit

Hilo la El Adde tuliache polepole. Kuna jirani zangu.

Mwana Bondeni

Pole sana, ndugu. Sikukusudia kutonesha.

Mzee wa Njoro

Poleni, Arap. Naendelea na kipande cha pili cha vita, na hiki ndicho kinachonitesa zaidi.

Mwaka 1939. Wavulana watatu waliobaki ni wazee wenye vitambi. Ikulu yuko binamu Franklin, ambaye upande huu wa ukoo humwona kama mnyang'anyi wa jina. Si utani: Ted aligombea ugavana wa New York 1924, na Eleanor, mke wa Franklin na binti wa yule Elliott wa dirishani, yaani binamu wa damu wa Ted, alizunguka jimbo zima na gari lililowekewa birika kubwa la karatasi juu, kumkumbusha kila mpiga kura kashfa ya mafuta ya Teapot Dome (teapot ndiyo birika), ambayo Ted hakuwa na hatia nayo. Ted alishindwa. Harusi za ukoo huo baada ya hapo, mnaweza kuzifikiria.

Pamoja na uhasama huo, vita vilipokuja wote watatu waliomba kurudi vitani.

Archie, mwenye goti lile, alipewa batalioni New Guinea. Agosti 1943 guruneti likampata goti lilelile. Anatajwa kuwa Mmarekani pekee aliyeandikwa na jeshi lake kuwa mlemavu kamili katika vita viwili.

Kermit, kijana wetu wa Sergoit, ndiye aliyekuwa mpole wa nyumba, msomaji, mpenda lugha. Alikuwa amemwokoa baba yake msituni Brazil mwaka 1914, mzee alipoomba aachwe afe. Lakini baada ya baba, hakuna aliyemwokoa yeye. Biashara ya meli iliyumba, pombe ikamshika, huzuni ikakaa. Vita vilipoanza akaenda tena kwa Waingereza, akapigana Norway 1940, akapelekwa Misri, akarudishwa kwa afya mbaya. Franklin akampa cheo cha meja na kumtuma Alaska, mbali na baa za New York. Tarehe 4 Juni 1943 alijiua kambini huko. Mama yake, miaka 81, aliambiwa ni moyo.

Nyar Nam

Mungu wangu. Na yeye aliamini?

Mzee wa Njoro

Mama aliyezika namna ile, dada, nani ataingia kichwani mwake? Mimi nadhani alijua na akawaachia uongo wao.

Sasa Ted. Brigedia jenerali, miaka 56, anatembea na mkongojo kwa maumivu ya viungo, na ana ugonjwa wa moyo aliouficha madaktari wa jeshi wasiujue. Siku ya kutua Normandy inakaribia. Anamwomba kamanda wake, Jenerali Barton, aende na wimbi la kwanza. Anakataliwa. Anaomba tena, mwishowe kwa maandishi, akisema vijana watatulia wakimwona yuko nao. Barton akakubali, akiamini anamuaga maiti.

Tarehe 6 Juni 1944 Ted alikuwa jenerali pekee aliyeshuka kwa mashua na wimbi la kwanza, ufuo wa Utah. Mkondo wa maji uliwapeleka karibu kilomita mbili kusini ya mahali palipopangwa. Akakagua mwenyewe kwa miguu, risasi zikipita, kisha akaamua vita vianzie hapohapo walipo. Asubuhi yote alikuwa akienda na kurudi ufuoni, mkongojo mkononi, akipokea kila kikosi kipya na kukielekeza njia. Siku hiyohiyo, ufuo wa Omaha, ambako watu walikufa kama nzige, alishuka mwanawe, kapteni. Jina lake? Quentin. Alizaliwa 1919, akapewa jina la marehemu.

Wote wawili walipona siku ile. Tarehe 12 Julai jioni kijana alimtembelea baba, wakazungumza kwa muda mrefu. Usiku huo moyo wa Ted ukasimama. Jenerali Eisenhower alikuwa kwenye hatua ya kumkabidhi divisheni nzima.

Edith alikuwa hai. Alikufa Septemba 1948, miaka 87. Hesabu mwenyewe: wana wanne aliowapeleka vitani, amebaki na Archie wa goti.

Mwaka 1955 familia ilikubali Quentin ahamishwe kutoka Chamery, akalazwa kando ya Ted kwenye makaburi ya Wamarekani ya Colleville, juu ya ufuo wa Omaha. Mtu wa vita vya kwanza kati ya maelfu ya vita vya pili. Kwa hiyo mti haukulala ulipoangukia.

Omwami wa Kakamega

Mzee, ulianza na deni la babu. Swali la mwanafunzi wangu mmoja niliyemsomea uzi huu: kama babu angebeba bunduki mwaka 1861, Quentin angebaki chini?

Mzee wa Njoro

Mjibu kwamba wavulana wa 1917 walikwenda hata wa nyumba ambazo babu zao walipigana. Vita vingewachukua. Ila nadhani kingepungua kile kiherehere: barua za kejeli kwa Quentin, Kermit kukimbilia jeshi la watu wengine mara mbili, Ted kuficha moyo mbovu. Mtu anayetumikia nchi hufika anapoitwa. Hawa walikuwa wakifika kabla ya kuitwa, kila mmoja, maisha yao yote.

Mwana Bondeni

Hapo sasa tunakubaliana, umechelewa tu kufika.

Nyar Nam

Na Flora? Na yule Alice, kifungua mimba? Mmewaacha wanawake njiani kama kawaida.

Mzee wa Njoro

Flora baada ya msiba alikuwa akishinda Sagamore Hill, akimsaidia mzee kupiga chapa barua zake. Mwaka 1920 aliolewa na rubani, rafiki wa Quentin, ndoa haikudumu. Aliolewa tena, na baadaye akaongoza jumba la sanaa la Whitney lililoanzishwa na mama yake New York.

Alice hakuvaa gwanda, vita vyake vilikuwa vya sebuleni. Mumewe baadaye alikuwa Spika wa bunge. Wilson aliporudi na mpango wake wa Shirikisho la Mataifa mwaka 1919, Alice alikuwa kwenye kundi la waliouzika, kwa raha zote, maana huyo ndiye aliyemnyima baba yake divisheni. Baadaye akamgeukia Franklin kwa ulimi uleule. Aliwazika ndugu zake wote wa kiume wanne, akafa 1980 akiwa na miaka 96, bado anasengenya. Baba yake aliwahi kusema anaweza kuiongoza nchi au kumwongoza Alice, yote mawili hayawezi. Ukitaka uzi wake, dada, fungua wewe, sisi tutaleta viti.